AMANA YA MALI YA SADAKA

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa kumbukumbu ya chama

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Siku ya kumbukumbu ni siku ya kuhesabu. Chama kinapotimiza miaka, desturi ni kuhesabu majengo yaliyosimama, visima vilivyochimbwa na watoto waliohitimu, kisha kuwaombea dua waliotangulia mbele ya haki ambao kwa jasho lao mambo hayo yalipatikana. Desturi hiyo ni njema, wala isiachwe. Lakini iko hesabu nyingine ambayo aghalabu haisomwi siku ya sherehe, nayo ni hii: katika kila shilingi iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni kiasi gani kilichomfikia yule aliyekusudiwa? Na katika kila kiwanja kilichowekwa wakfu, hati yake iko mikononi mwa nani, na imeandikwa jina la nani?

Watu hudhani kwamba mali ya sadaka huangamizwa na wezi. Wezi wapo, na Mwenyezi Mungu atawahukumu. Lakini iko hasara iliyo kubwa tena ya siri, nayo hutokea mikononi mwa watu wema. Ni mzee mwaminifu aliyeziweka fedha za msikiti ndani ya sanduku lake pamoja na zake, akafa ghafla, na warithi wasijue zipi ni zipi. Ni mwalimu mcha Mungu aliyepokea michango ya mayatima kwa miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa kila mtu alimwamini. Mzee huyo hakuiba, wala mwalimu huyo hakuiba. Hata hivyo mali imepotea, na yatima hakupata. Basi jambo linalopasa kufahamika leo ni kwamba uaminifu wa moyo ni sharti la kwanza la amana, wala si sharti la pekee. Amana hutunzwa kwa moyo, na kwa kalamu, na kwa mashahidi.

MFANO WA KHAIBARI

Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipata ardhi huko Khaibari, nayo ilikuwa mali ya thamani kuliko yote aliyopata kuimiliki. Akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka shauri. Mtume akamwelekeza kwamba akipenda aizuie asili ya mali hiyo na kuyatoa sadaka mapato yake. Umar akafanya hivyo. Ikawa ardhi hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake ni ya mafakiri, na jamaa, na watumwa wanaotafuta uhuru, na wageni, na wasafiri, na njia ya Mwenyezi Mungu. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim, na kila mwanafunzi wa fiqhi huisoma katika mlango wa wakfu.

Yako mambo katika habari hiyo ambayo husomwa kwa haraka, ilhali ndiyo yaliyo na dawa ya maradhi ya leo. La kwanza ni kwamba waraka uliandikwa. Abu Dawud amepokea maneno ya waraka huo, na humo ametajwa aliyeuandika, naye ni Muaikib, na aliyeushuhudia, naye ni Abdullah bin Al-Arqam. Na wakati ulipoandikwa Umar alikuwa ni Amiri wa Waumini. Nani angethubutu kulitilia shaka neno la Umar? Hakuna. Hata hivyo aliandika, na shahidi akawekwa. La pili ni kwamba msimamizi alitajwa kwa jina, naye ni Bibi Hafsa, binti yake, maadamu yu hai. Na baada yake ikaelezwa itakwenda kwa mwenye rai njema miongoni mwa jamaa. Basi siku ya mauti ya msimamizi haikuwa siku ya ugomvi, maana jambo lilikwisha kupangwa. La tatu ni kwamba wanaostahiki mapato walibainishwa. La nne ni kwamba malipo ya msimamizi yaliwekewa mpaka: si kosa kwake kula katika mapato hayo kwa wema na kumlisha rafiki, bila ya kujilimbikizia mali.

Waraka, shahidi, msimamizi, atakayemfuata, wenye kustahiki, na mpaka wa malipo: mambo sita. Yalitimizwa zaidi ya karne kumi na tatu zilizopita, na mtu ambaye hakuhitaji kuthibitisha uaminifu wake kwa yeyote. Je, ni kamati ngapi za misikiti leo ziwezazo kuyaonyesha yote sita?

ARDHI YA MWAKA 1900

Mfano wa pili uko karibu, katika nchi hii ya Uganda yenyewe. Katika Mapatano ya Buganda yaliyotiwa saini tarehe 10 Machi 1900, ardhi iligawanywa kwa maili za mraba. Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu, alipewa maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Jumuiya tatu za misheni za Kikristo zilipewa maili 92.

Watu wengi hulalamikia tofauti ya 24 na 92, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini iko tofauti nyingine iliyomo ndani ya maneno yenyewe, nayo ni ya kutisha zaidi. Maili 92 ziliandikwa kwa jumuiya, na jumuiya haifi. Maili 24 ziliandikwa kwa mtu na wafuasi wake, na mtu hufa. Mbogo alifariki mwaka 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo. Mwenyezi Mungu akamjaalia kijana huyo moyo wa ukarimu, na alipokua akakitoa kilima cha Kibuli kwa Waislamu. Juu ya kilima hicho ukasimama msikiti uliomalizika mwaka 1951, na shule, na hospitali; na maelfu ya watoto wamepata elimu hapo. Badru Kakungulu alifariki mwaka 1991. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na baba yake.

Lakini mwenye akili na ajiulize: lau mrithi angalikuwa bakhili, au mwenye madeni mengi, ingekuwaje? Kibuli ilipatikana kwa ukarimu wa mtu. Haikuhifadhiwa na karatasi. Na si kila mrithi ni Badru Kakungulu.

Mambo ya namna hii hutokea kila mahali. Mzee mwenye ardhi husimama baada ya sala ya Ijumaa na kusema mbele ya watu kwamba kiwanja fulani ni cha msikiti. Watu husema Allahu Akbar, hubeba matofali, na msikiti husimama. Miaka thelathini hupita. Mzee amekufa, na waliosikia maneno yake wamekufa. Mji umepanuka, na kile kiwanja kilichokuwa pori sasa kiko kando ya barabara ya lami, na bei yake imepanda mara nyingi. Ndipo wajukuu wanapokuja na hati ya ardhi iliyo na jina la babu yao. Hakimu hana njia ya kuisoma nia iliyokuwamo moyoni mwa marehemu. Husoma hati iliyoandikwa. Naye hawezi kulaumiwa, maana ndiyo kazi yake.

Katika mwambao jambo hili lilitambulikana mapema. Zanzibar iliwekewa makamishna wa wakfu tangu mwaka 1905, na Kenya ikatungiwa sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951. Faida ya mpango huo ilikuwa kwamba mali iliandikwa katika daftari la serikali. Dhara yake ilikuwa kwamba mahali pengi wenye msikiti walilala usingizi, wakadhani kuwa kulinda wakfu ni kazi ya ofisi ya mbali. Daftari la serikali ni msaada, lakini halimwondolei jirani wa msikiti wajibu wake.

KUULIZA HESABU SI FITNA

Ndugu wasikilizaji, uko ugonjwa mmoja ulioenea katika vyama vya Waislamu, nao ni kumwita mwenye kuuliza hesabu kuwa ni mtu wa fitna. Kijana husimama katika mkutano akauliza kwa adabu: fedha za mfuko wa madrasa zimetumikaje? Mara husikika sauti: “Kijana huyu ametumwa na nani? Kwa nini hawaheshimu wazee?” Kijana hukaa kimya, na mwaka unaofuata haji mkutanoni, na mwaka wa tatu hatoi mchango. Chama kimepoteza mlinzi na mchangaji kwa siku moja.

Hii si adabu waliyofunzwa Waislamu. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar aligawa vitambaa, kila mtu kipande kimoja, kisha akapanda mimbari amevaa nguo iliyohitaji vipande viwili. Akasimama mtu miongoni mwa Waislamu akasema kwamba hatasikiliza wala kutii mpaka afahamishwe nguo hiyo imepatikanaje. Umar hakumwita mchochezi. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akashuhudia kuwa alimpa baba yake kipande chake. Hapo yule mtu akasema kuwa sasa atasikiliza. Tazameni matokeo yake: kwa swali moja na jibu moja, heshima ya kiongozi ilizidi, haikupungua.

Hakika kuuliza hesabu si fitna. Mlango wa fitna hufunguka pale hesabu isipotolewa. Historia ya nchi hii ni ushahidi. Mwaka 1965 kikaundwa chama cha NAAM kando ya jamaa waliomfuata Badru Kakungulu, na Waislamu wakagawanyika, mkono wa siasa ukiwa ndani yake. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, likaanzishwa Baraza Kuu la Waislamu la Uganda ili wote wawe chini ya paa moja. Hata baada ya hapo migawanyiko ilirudi, na mara nyingi kilichogombaniwa hakikuwa aya wala hadithi. Kiligombaniwa kiwanja, ufunguo wa ofisi, na haki ya kutia saini. Mali ambayo hesabu yake haijulikani humvuta kila mwenye tamaa, kama vile asali isiyofunikwa ivutavyo nzi.

DENI NA NYUMBA YA MUNGU

Mwaka 2022 watu wa Kampala walishtuka kusikia kwamba mahakama imetoa amri ya kukamatwa na kuuzwa mali ya Baraza Kuu huko Old Kampala, mahali uliposimama msikiti wa taifa, kwa sababu ya deni lililotokana na mapatano ya kuuza ardhi iliyoko Sembabule. Msikiti haukuuzwa. Mkutano huu si mahali pa kuhukumu nani alikosea na nani alipatia katika shauri hilo, kwani mahakama zina kazi yake. Lakini hata mtoto wa madrasa yampasa ajifunze somo lake.

Somo ni hili. Kwa mujibu wa sharia, msikiti umetoka katika miliki ya wanadamu. Haununuliki wala hauwekwi rehani. Lakini katika daftari la ardhi msikiti ni kiwanja chenye namba, na ikiwa kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina la chama kile kile kinachofanya biashara, kinachopangisha maduka na kuuza ardhi, basi deni la biashara huweza kuufikia mlango wa msikiti. Hukumu ya sharia haijilindi yenyewe mbele ya sheria ya nchi isipokuwa imeandikwa kwa namna ambayo sheria ya nchi huifahamu. Kwa hiyo yapasa nyumba ya ibada, madrasa na makaburi viandikwe kwa jina la wadhamini wake mahususi, kwa waraka unaotamka wazi kuwa ni wakfu. Na biashara ya chama, ikiwa ipo, iwe na jina lake, hesabu yake na madeni yake mbali.

Hata mali ya kupangisha ina hatari yake. Wanavyuoni wa Kihanafi walikataza nyumba ya wakfu isipangishwe zaidi ya mwaka mmoja, na shamba zaidi ya miaka mitatu, isipokuwa mweka wakfu ameshurutisha vingine. Waislamu wa nchi hizi wengi ni Mashafi, na hukumu ya madhehebu yao katika hili ni pana zaidi. Lakini hekima ya sharti hilo ni ya kila madhehebu: mpangaji akikaa muda mrefu mno kwa kodi ile ile, watu husahau kuwa ni mpangaji, naye husahau pia. Leo zipo kamati zinazotoa mapatano ya miaka 49 kwa kodi ya kudumu, kwa sababu zinahitaji fedha za bati mwezi huu. Bati litaoza baada ya miaka ishirini, na mapatano yataendelea kuwala wajukuu.

MSAADA WA MBALI

Jambo jingine lihitajilo kutazamwa kwa uangalifu ni mali itokayo kwa wafadhili. Mwaka 1945, Mombasa, Aga Khan wa Tatu alianzisha East African Muslim Welfare Society, na kwa kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wengine alitoa shilingi ya kuilingana. Mpango huo ulikuwa na hekima, kwa kuwa ulimlazimu mwenye kusaidiwa kuanza kutoa. Misikiti na shule nyingi zilijengwa. Lakini mwaka 1968 chama hicho kilipigwa marufuku Tanzania, na kwa siku chache kazi ya miaka zaidi ya ishirini ikabadilika mikono. Na msikiti wa taifa wa Old Kampala, ambao ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970 ukasimama kwa muda mrefu, ulimalizwa kwa fedha za Libya mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2011 Muammar Gaddafi akauawa, na msaada uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Lakini taa, maji na ulinzi wa jengo kubwa kama lile hugharimu kila mwezi.

Haisemwi hapa kwamba msaada ukataliwe. La hasha! Mwenye kusaidia ashukuriwe na kuombewa. Kinachosemwa ni kwamba kuomba jengo bila ya kuomba matunzo yake ni kuomba ngombe bila ya malisho. Vijijini vipo visima vyenye jina la mfadhili juu ya saruji, lakini pampu imeharibika na mpini umetiwa kutu, kwa sababu kifaa kidogo kilikosekana na hapakuwa na mfuko wa kukinunulia. Mfadhili ana picha ya siku ya ufunguzi, na akina mama wamerudi mtoni. Wanavyuoni wametangulia kusema kwamba matumizi ya kwanza ya mapato ya wakfu ni kuitengeneza mali yenyewe isiharibike, hata kama mweka wakfu hakulitaja jambo hilo. Basi asiyetenga fedha za ukarabati ameanza kuula wakfu wenyewe.

ZAWADI NA MALIPO

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaim. Aliporudi, alitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume alisimama juu ya mimbari mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Swali hilo latosha kuwa mizani ya kila mwenye cheo katika chama cha sadaka. Safari, simu, kanzu na bahasha apewazo katibu na mfadhili au mkandarasi, je, angelipewa lau si katibu? Ikiwa jibu ni la, basi ni mali ya chama, na iandikwe katika daftari la chama.

Kwa upande mwingine, ni dhuluma kumtaka mtu afanye kazi ya kila siku bila ya ujira, kisha kushangaa akinyoosha mkono. Qurani yenyewe, katika sura ya At-Tawba, imewapa watumishi wa zaka fungu miongoni mwa mafungu manane. Na katika sura ya An-Nisaa msimamizi wa mali ya yatima aliye tajiri ameamrishwa kujizuia, na aliye maskini ameruhusiwa kula kwa kadiri ya wema. Kisha wameamrishwa kuweka mashahidi wakati wa kumkabidhi yatima mali yake. Imamu anayefundisha watoto asubuhi na jioni ana watoto wake naye, na kodi ya nyumba haimsubiri. Ujira mdogo ulioandikwa na kujulikana na wote ni halali na ni ngao. Ujira usioandikwa, unaochukuliwa kidogo kidogo kwa dhana kwamba “nami ninastahiki”, ndio uliowaangusha watu wengi waliokuwa wema.

MAMBO YAPASAYO KUTENDWA

Maneno bila ya vitendo ni kama mawingu yasiyo mvua. Haya yafuatayo hayahitaji fedha nyingi wala elimu kubwa, yahitaji azma.

Kwanza, kila chama kiwe na daftari la mali: kila kiwanja na namba yake, ukubwa wake, mahali kilipo, aliyekitoa, jina lililomo katika hati, na mahali hati inapotunzwa. Pale hati ilipo bado na jina la mtu aliye hai, jambo hilo limalizwe sasa, naye angali na ulimi wa kusema na mkono wa kutia saini. Wazee hawangoji.

Pili, chama kiandikishe wadhamini kwa mujibu wa sheria ya nchi, ili mali iwe ya chombo kisichokufa. Na idadi ya wadhamini, muda wao, na namna ya kuwapata wengine iandikwe. Baba, mwana na mkwe wasiwe kamati moja.

Tatu, fedha zisipite katika mfuko wa mtu mmoja. Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na namba inayotangazwa msikitini aghalabu ni ya mweka hazina mwenyewe, imesajiliwa kwa jina lake. Akifa, laini hiyo ni ya warithi wake. Akigombana na kamati, huondoka nayo. Namba iwe ya chama, fedha ziwekwe benki, na hazitoki ila kwa saini za watu watatu wasio wa nyumba moja. Kila mchango uwe na stakabadhi, hata ukiwa shilingi elfu moja, maana mjane aliyetoa elfu moja huenda alitoa nusu ya chakula cha siku yake.

Nne, kila mfuko ubaki kwa kazi yake. Fedha zilizotolewa kwa mayatima zisilipe deni la saruji, hata kama nia ni kuzirudisha. Zaka ina wenyewe waliotajwa na Mwenyezi Mungu; sadaka ya kawaida ina upana zaidi; wakfu una sharti la aliyeutoa. Kuyachanganya yote katika sanduku moja ni kuharibu hukumu tatu kwa pamoja.

Tano, hesabu isomwe mara moja kila mwaka mbele ya watu wote, wanaume na wanawake, kwa lugha wanayoifahamu, na karatasi yake ibandikwe ukutani mwa msikiti. Kabla ya kusomwa ikaguliwe na mtu asiye mjumbe wa kamati wala jamaa wa mjumbe. Wanawake wasisahauliwe katika kazi hii. Wao ndio wachangaji wakubwa wa sadaka ndogo ndogo, na wakfu wa Umar ulisimamiwa na Bibi Hafsa.

Sita, anayetoka madarakani akabidhi kwa maandishi, mbele ya mashahidi: funguo, daftari, mihuri, hati na fedha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika sura ya Al-Baqara, haikuteremka kueleza pepo wala moto. Imeeleza kuandika deni, na kumleta mwandishi muadilifu, na kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika jambo likiwa dogo au kubwa. Waislamu walifunzwa kuweka daftari kabla ya mataifa mengi. Haifai wao wawe watu wa mwisho kulikumbuka.

Ndugu wasikilizaji, wako watu watakaosema kwamba mambo haya ni ya kuwashuku wazee. Sivyo. Daftari ni ulinzi wa mwaminifu kabla ya kuwa kizuizi cha mhaini. Mwaminifu asiye na daftari hufa na heshima yake ikiwa mikononi mwa wasemaji. Na ni wangapi walioitumikia dini miaka arubaini, kisha baada ya mazishi yao ikanong'onwa kuwa walikula mali ya msikiti, na haupo waraka wa kuwatetea! Kumwekea mzee hesabu ni kumsitiri. Ni hisani ya mwisho ambayo jamaa huweza kumfanyia mtumishi wao.

Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Wenyewe wa amana hii si kamati. Ni yatima anayengoja karo, na mgonjwa anayengoja dawa, na msafiri anayetafuta mahali pa kusali, na marehemu aliyetoa kiwanja chake akitaraji thawabu isiyokatika kaburini. Wote hao hawamo katika mkutano huu kuuliza. Siku watakapouliza, hapatakuwa na nafasi ya kutafuta stakabadhi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotoa na waliosimamia kwa haki, awasamehe waliokosea kwa kutojua, aziunganishe nyoyo za Waislamu juu ya kheri, na ajaalie kila kilichowekwa wakfu katika nchi hii kiwafikie waliokusudiwa mpaka Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.